Liboke la Samaki wa Kisangani: Sifa za Chungu cha Majani

Liboke la samaki halijui sufuria. Hupikwa ndani ya majani ya mangongo, juu ya makaa, bila tone la maji ya kuongeza, na pilipili yake huwa imekwisha kuingia katika nyama kabla kamba haijakazwa. Huko Kisangani, nchini Kongo ya Kinshasa, lina heshima yake nyumbani siku ya wageni, lakini maskani yake hasa ni malewa, vile vibanda vya kulia vya kando ya soko na karibu na mto: benchi mbili tatu, meza yenye kitambaa cha plastiki, jiko la makaa chini, na mama aliyeketi kwenye kigoda akiwa amezungukwa na mabeseni. Mlaji akifika huinama juu ya beseni, humchagua samaki wake, huulizwa kama anataka pilipili ya kawaida au pilipili ya kweli, kisha huenda kukaa. Hangojei chakula kilicholala. Kwenye malewa inayojiheshimu, liboke hufungwa mbele ya macho ya yule atakayelila.

Hesabu yote huanzia mtoni. Mji umekaa pale Lualaba inapomaliza maporomoko saba ya Boyoma, yanayoshuka kiasi cha mita 60 katika mwendo wa kilomita 100 na ushei tangu Ubundu. Chini ya hapo mto hubeba jina la Kongo. Kwenye poromoko la mwisho Wagenia, wavuvi wa hapo, husimamisha miti mikubwa katika matundu ya mwamba, huifunga kwa kamba za msituni, na kuning'iniza migono mipana yenye umbo la pia, mdomo ukiwa wazi kuupokea mkondo. Msafiri Stanley aliwakuta na uvuvi huo alipopita Januari 1877. Ustadi huo haujafa, ingawa samaki wengi wanaoingia sokoni leo huletwa na wavuvi wa nyavu kwa mitumbwi.

Si kila samaki anaingia libokeni kwa namna moja. Malangwa, mdogo, mwenye mafuta na asiye na magamba, hulazwa mzima pamoja na wenzake kadhaa katika kifurushi kimoja. Ngolo, yaani kambare, hutaka kusuguliwa kwa chumvi na ndimu mpaka utelezi wote uishe. Mboto ana miiba ya kumtia mgeni adabu, lakini nyama yake ni tamu na wenyeji humla polepole bila kulalamika. Kapiteni, ambaye watu wa Ziwa Viktoria humwita sangara, hukatwa mapande mazito, na bei yake huwafaa zaidi wenye mshahara.

Jani ni nusu ya ufundi, pengine zaidi ya nusu. Mangongo huota chini ya miti mikubwa na kwenye uwazi wa msitu, kila jani juu ya bua lake refu, pana la kuweza kufunika beseni. Katika msitu wa Ituri, Wambuti huezekea vibanda vyao kwa majani hayohayo, na katika sehemu kubwa ya bonde la Kongo ndiyo yanayofungia kwanga, mkate wa muhogo. Wanawake huyafikisha sokoni kwa mafungu, na mnunuzi mzoefu huyapekua moja moja. Lililo changa mno hupasuka. Lililokomaa kupita kiasi hukatika kwenye mkunjo. Linalotakiwa ni la kijani kilichokoza, lisilo na tundu hata la sindano, maana tundu hilo moja linatosha kumwaga mchuzi wote kwenye majivu.

Kabla ya kufunga, mama hulipitisha jani juu ya moto. Ni tendo la pumzi mbili, na hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Jani hushikwa kwa ncha zake, hutandazwa juu ya makaa bila kuyagusa, na halisimami mahali pamoja. Papo hapo rangi hubadilika: kijani chake hung'aa kana kwamba kimepakwa mafuta, na uti uliokuwa umekakamaa hulegea. Likicheleweshwa huwa jeusi na kuvunjika. Likiwahishwa litapasuka wakati wa kukunjwa. Hakuna kipimo kinachoandikika. Vidole husikia jani linapokubali. Baada ya hapo uti wa nyuma hupunguzwa kwa kisu ili ulale, majani mawili au matatu hupangwa kwa kukingamana, samaki huwekwa katikati, na kingo hukusanywa juu kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha kamba iliyochunwa kwenye bua la mangongo lenyewe. Mmea mmoja umetoa chungu, mfuniko na kifungo. Fundi huacha nafasi ndogo juu ya samaki kwa ajili ya mvuke. Binti anayejifunza hukaza mpaka mwisho, na kifurushi chake hupasukia motoni. Hapigiwi kelele, huongezwa majani mengine.

Viungo ni vichache: chumvi, kitunguu, nyanya iliyokatwakatwa, saumu, ndimu, pengine mafuta ya mawese kwa samaki asiye na mafuta yake. Nyanya na kitunguu hutoa maji, samaki naye hutoa yake, na mchuzi hauna asili nyingine. Ni chakula kisichotegemea sana vitu vya mbali. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, biashara ya mtoni ilipokatika kati ya Kisangani na Kinshasa, na hata baada ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya mji na kuua mamia ya raia, mto na msitu vilibaki palepale. Aliyepata chumvi alikuwa amepata karibu yote ambayo liboke hudai kutoka nje.

Pilipili ina habari yake. Ile ya Tshopo, mkoa wa Kisangani, ni ndogo, husimama wima mtini, na ndege huila bila kuungua, wakasambaza mbegu nyuma ya nyumba na kwenye mashamba yaliyoachwa, hata mtu akaiona kuwa mwenyeji wa msitu. Siyo mwenyeji. Ilitoka Amerika na kusambazwa Afrika kwa vyombo vya Wareno, na mawimbi hayohayo ya biashara yaliifikisha Uchina, ambako maandishi ya mwishoni mwa karne ya 16 yanaitaja. Mkoa wa Sichuan uliipokea kwa moyo mmoja. Leo wapishi wa huko wana chakula chao cha sufuria kavu: mlaji huchagua mwenyewe nyama, samaki na mboga, navyo hukaangwa pamoja kwa pilipili kavu na ile pilipili ya kwao inayotia ganzi ulimi, bila mchuzi wa kuogelea. Watu walio mbali namna hiyo wamekutana katika adabu ileile ya kuchagua kwa macho na kupikiwa hapohapo. Wanapoachana ni kwenye moto. Mpishi wa Sichuan hutumia mafuta mengi na mwali mkali, na kazi yake huisha upesi. Mama wa Kisangani hutumia mvuke, na mvuke hauharakishwi.

Sehemu ya pilipili hutwangwa na chumvi na kupakwa ndani ya mikato ya ubavuni. Nyingine, moja au mbili, hulazwa juu ya samaki zikiwa nzima, bila kupasuliwa. Hizo hutoa harufu tu. Mlaji akifungua ataamua mwenyewe kuzipasua au kuziacha, na wenye busara huzipasua wakiwa wamekwisha kula nusu.

Moto wa liboke ni wa makaa yaliyokwisha kupoteza mwali. Joto lake ni la mamia ya nyuzi, lakini ndani ya kifurushi, maadamu maji yamo, halipandi sana juu ya nyuzi 100. Kwa hiyo samaki huiva kwa mvuke huku jani la nje likiungua. Jani hilo la nje hutolewa sadaka. Huwa jeusi, hubanduka vipandevipande, na moshi wake hulipenya la pili na kuacha harufu ya msitu ambayo hakuna kopo la dukani linaloileta. Mama hageuzi ovyo wala hafungui kuchungulia, kwa kuwa mvuke ukitoka umetoka. Husikiliza. Mwanzoni mchuzi hutokota kwa sauti nzito, kisha sauti huwa nyembamba kadiri maji yanavyopungua, na pale inapokaribia kukatika kifurushi huondolewa.

Huletwa mezani kikiwa kimefungwa, kwa sababu mvuke wa kwanza ni wa mwenye chakula. Kandokando huwekwa lituma, ndizi zilizochemshwa na kutwangwa hadi zikashikana, au kwanga, au wali. Mpunga ulienezwa katika nchi hii na mashamba ya Waungwana, yaani watu wa misafara kutoka pwani, enzi za kiongozi wao Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Lakini lituma ndilo linaloelewana na pilipili hii. Ukali wake hauyeyuki katika maji, hivyo kinywaji baridi hupoza kwa dakika moja tu. Tonge la ndizi lililochovywa katika mafuta ya samaki huuondoa kweli. Huliwa kwa mkono, na jani la ndani hukwanguliwa mpaka libaki safi.

Ufundi huu sasa unaachiliwa na watu walewale wanaousifu. Karatasi ya aluminiamu imeingia katika malewa: haihitaji kupitishwa motoni wala kuchongwa uti, na haitoboki upesi. Inaivisha samaki, hilo halikanushiki, lakini haimpi kitu. Samaki hutoka akiwa amechemka, bila moshi wala msitu, na vidonge vya mchuzi vya dukani hutiwa kuziba pengo, hata malangwa na kapiteni wakawa na ladha moja. Mlaji naye ana lawama yake. Hufika na haraka, akataka kifurushi kilichopikwa tangu asubuhi, akakibeba katika mfuko wa plastiki. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko hiyo, kuitengeneza, kuiingiza, kuiuza na kuitumia; sokoni haijakoma kuonekana.

Msitu wenyewe unasogea mbali. Mashamba ya kuhamahama na matanuru ya makaa yameula kuuzunguka mji, na moto wa liboke una sehemu yake katika deni hilo. Yangambi, kilomita zipatazo 100 mtoni kuelekea magharibi, imepandwa mikakaya ili makaa ya mji yasiendelee kutoka kwenye miti ya asili. Mangongo, kwa desturi, hayapandwi, huchumwa tu. Jani linalotoka mbali husafiri juu ya baiskeli likipigwa na jua, na lililonyauka halikubali moto wala mkunjo. Mama aliyepata fungu la namna hiyo hupunguza majani katika kila kifurushi, na mchuzi ukamwagika, au hununua karatasi ya aluminiamu. Wale wachache wasiokubali kulidhalilisha liboke huwaambia wateja kwamba leo halipo, wakawapakulia pondu, yaani kisamvu.