Bunker 599: betoni wameikata, shamba wamelisahau

Wandugu, kuna kazi moja ya sanaa kule Uholanzi, karibu na Culemborg, yenye nimeijua kwa picha tu, lakini hainitoki kichwani. Ni handaki la betoni la mwaka 1940, la kukinga maaskari 13 wakati wa mabomu. RAAAF na Atelier de Lyon hawakulipaka rangi wala kutundika kitu ndani. Walilikata katikati kwa waya wa almasi, wakapitisha njia ya miguu.

Hapo wamefaulu. Ukiangalia ule unene wa betoni, unaona woga wa watu wa wakati ule. Na kumbe kachumba kenyewe ni kadogo hivi! Kazi hii huwezi kuihamisha: ukiitoa pale, imekufa.

Njia inaishia kwenye maji. Ule ndio ulikuwa ulinzi wao: kujaza maji kwenye nchi tambarare, yawe mengi kwa mtu wa miguu, machache kwa mashua. Mwaka 1940 ndege za Wajerumani zikapita juu tu.

Lakini mimi nimesoma kilimo, basi nauliza: chini ya maji ya namna ile kulikuwa nini? Majani ya ng'ombe, mazao ya watu. Kazi inatufungulia chumba cha askari. Ya mkulima haisemi. Maji yanabaki mazuri ya kupigia picha. Vita haikai ndani ya betoni peke yake. Ukiziona hizo picha, anza kuangalia maji.