Faraja Katikati ya Dhiki: Maoni juu ya La Peste ya Albert Camus

Methali yetu yasema: "Baada ya dhiki, faraja." Mwaka 2020, maradhi ya Uviko-19 yalipoenea na vyuo vikafungwa, niliitumia methali hiyo kuwaliwaza wanafunzi wangu. Mmoja wao akaniuliza: "Mwalimu, na yule afaye katikati ya dhiki, faraja yake i wapi?" Sikuwa na jawabu. Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye riwaya ya Albert Camus iitwayo La Peste, yaani Tauni, iliyochapwa Ufaransa mwaka 1947. Nilikuwa nimeisoma zamani, nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, nikaiona kuwa kitabu cha huzuni tupu. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba nilikosea.

Habari yenyewe si ngumu kusimulia. Mji wa Oran, katika pwani ya Algeria, waingiliwa na tauni. Panya wafa kwanza, kisha watu. Milango ya mji yafungwa. Msimulizi ni daktari Rieux, ingawa hajitambulishi mpaka mwisho. Wahakiki wengi wameisoma tauni hiyo kuwa fumbo la Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani katika Vita Vikuu vya Pili, na Camus mwenyewe aliikubali maana hiyo. Wala mimi siikanushi. Lakini fumbo likitwaa nafasi yote ya habari, mambo madogo watendayo watu wa kitabuni hupotea machoni petu, na uzito wa riwaya hii, nionavyo mimi, umo katika hayo madogo.

Tazama usiku ule Rieux na rafiki yake Tarrou wanapopumzika kidogo katika kazi yao ya kuuguza. Waonyesha vibali vyao, wapita hadi bandarini, waogelea bega kwa bega, kisha warudi pasipo kusema neno. Hapana zaidi ya hayo. Mtungaji wa hadithi ya kawaida angaliweka kuogelea huko mwishoni, milango ikiisha kufunguliwa, kuwa tunzo ya waliostahimili. Camus amekuweka ndani ya tauni yenyewe. Na Tarrou afa kwa ugonjwa ule ule wakati mji unapoanza kupona. Lau faraja ingalingoja "baada", Tarrou asingaliipata kamwe.

Mtu wa pili ni karani Grand, ambaye yatupasa sisi watu wa lugha kumwona kuwa ni ndugu yetu. Aandika riwaya isiyopita sentensi yake ya kwanza, kwa kuwa kila kivumishi akipima na kukipima tena. Akiwa mgonjwa amwomba daktari ayachome makaratasi yake. Akiisha kupona asema ataanza upya. Na mwisho atangaza kwa furaha kwamba amevifuta vivumishi vyote. Ni rahisi kumcheka. Lakini Grand huyo huyo ndiye atunzaye hesabu za wafu wa mji. Mtu aandikaye idadi ya maiti, kisha usiku akahangaikia neno moja likae mahali pake, ametumaini pasipo kutamka kwamba atumaini, maana sentensi hungoja msomaji wa kesho.

Wala Camus hasemi kwamba kila furaha ni njema. Cottard, mtu aliyekuwa akiogopa kukamatwa, astarehe katika tauni kwa sababu sasa wote wana hofu kama yeye. Furaha yake yalishwa na msiba wa wenziwe. Ndiyo maana milango ifunguliwapo arukwa na akili, awapiga watu risasi. Furaha ya Rieux haimwondolei mtu kitu, na kesho yake humrudisha kazini.

Hata hivyo kitabu kina kasoro isiyofichika kwa msomaji wa Afrika. Rambert, mwandishi wa gazeti, aja Oran kuchunguza hali ya maisha ya Waarabu. Lakini tauni ikiisha kuingia, Waarabu hao watoweka, wala hapana hata mmoja aliyepewa jina au kauli. Twapewa faraja ya Wafaransa wa mji ule. Faraja ya wenyeji haikuandikwa. Mhakiki hana haki ya kuipita kasoro hii kimya.

Nirudi kwenye neno letu. Faraja ni neno la Kiarabu kwa asili, na shina lake lina maana ya kuachanisha, kufanya mwanya katika kitu kilichofungamana. Al-Tanukhi, katika karne ya 10, alikiita kitabu chake cha visa Faraja Baada ya Dhiki, na methali yetu yafuata njia hiyo. Lakini Kurani, katika sura ya 94, yatumia neno ma'a, yaani "pamoja na". Tofauti ya kihusishi kimoja! Katika mji uliofungwa, mwanya haungoji lango. Hutokea ukutani, mdogo, kisha hufungika tena.

Laiti yule mwanafunzi angeniuliza leo, ningemjibu kwamba methali haidanganyi, ila imesema nusu. Mwenye rai nyingine na ailete, tuipime.