Kuhifadhi, Kutenga na Meza ya Zamu

Abiria atakaye kusafiri kwa meli kutoka Kyela kwenda Mbamba Bay hukata tiketi. Msemo huo haumpotezi mtu: aliyekata tiketi amelipa, na safari ni yake. Lakini katika mifumo ya kompyuta ya kugawana vyumba vya mikutano na meza za ofisini, neno "hifadhi" hubebeshwa kazi mbili: kutunza maandishi, na kumwekea mtu chumba. Karani abonyezaye "hifadhi" aweza kudhani amepata chumba, kumbe ametunza ombi lake tu. Wazee waliotoka Matema kuja kikaoni watakuta wengine wamekwisha kuketi.

"Kuweka nafasi" nako hakutoshi, kwani nafasi ni pia ajira itangazwayo. Tunapendekeza "kutenga": mtumishi huomba, mwenye dhamana hutenga, na chumba huwa kimetengwa. Ni kweli kwamba mtu naye hutengwa na jamaa zake. Lakini kitengwacho kikiwa chumba, utata huo huondoka. "Kuhifadhi" kubaki kwa maandishi.

"Meza ya pamoja" nayo tunaikataa, maana humpa msomaji picha ya watu walioizunguka kwa wakati mmoja. Meza itumiwayo kwa kupokezana ni "meza ya zamu".

Basi, tunawasihi wanaochagua mifumo hiyo wayasome kwanza maneno yaliyomo, ndipo waulize bei. Neno lenye utata halirekebishwi na mtambo.