Ndwele, Wino na Karatasi: Kuusoma Upya Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona ni miongoni mwa kazi zilizosomwa mno katika ushairi wa Kiswahili, na yamkini ndiyo sababu umezoea kusomwa kwa njia moja. Alice Werner na William Hichens walipoutoa mwaka 1934 waliupa anwani ya Kiingereza iliyotangaza kwamba ni mawaidha kuhusu wajibu wa mke, na anwani hiyo imeufuata utendi kama kivuli. Wako waliousifu kwa kuhifadhi mila za Waswahili, wako walioushutumu kwa kuitukuza taasubi ya kiume, na wako, kama Ann Biersteker katika makala yake ya 1991, waliotaka uangaliwe upya kwa upande wa lugha na mamlaka. Mjadala huo una thamani yake, nasi hatuna nia ya kuufunga. Tunachodai hapa ni kwamba pande hizo, kwa jumla, zimeliruka jambo ambalo mtunzi mwenyewe alilitanguliza: anayenena ni mgonjwa, na ugonjwa wake ni wa siku nyingi.

Jambo hili halikufichwa. Katika beti za mwanzo kabisa, baada ya kumwita bintiye asogee, mtunzi anaeleza kuwa maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, na kwamba muda huo wote hakupata nafasi ya kumwambia mwanawe neno la maana. Papo hapo anamwamuru aketi mbele yake na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni mwake mna jambo analotaka kulisema. Mhakiki aliyezoea kusaka dhamira huzivuka beti hizi kama mtu avukaye kizingiti ili aingie sebuleni. Sisi twaona kuwa nyumba yenyewe inaanzia hapo. Mwaka mzima wa ugonjwa umeelezwa kwa namna mahususi, kama mwaka wa kukosa kusema. Haulezwi kwa maumivu, wala kwa dawa, wala kwa waganga waliokuja na kuondoka. Kilichohesabiwa kuwa hasara ni maneno. Hiyo ni hesabu ya mtunzi.

Wengi wetu, tukiulizwa darasani, hujibu upesi kwamba huu ni wosia wa kitandani pa mauti. Tarehe hazituruhusu kusema hivyo kwa wepesi. Utendi wenyewe unataja mwaka wake kwa maneno, 1275 wa Hijria, ulioanza Agosti 1858, na kifo cha Mwana Kupona kwa kawaida huwekwa takriban 1860. Ikiwa ni hivyo, alikuwa ameugua mwaka mmoja kabla ya kutunga, na akaishi mwaka mmoja au zaidi baada ya kutunga. Tena, kuelekea mwishoni anamwomba Mola amwondolee ndwele zilizomjia kwa nguvu. Anayeomba hivyo hajakata tamaa ya kupona. Pana tofauti kubwa kati ya mtu anayekufa na mtu anayeugua. Anayekufa ana saa. Anayeugua ana siku, na siku hizo zina asubuhi njema na asubuhi mbaya, zina wageni, zina mambo ya jikoni, zina mtoto anayekua pasi na kumngoja mama apate nafuu.

Uhakiki wetu hauna msamiati wa kutosha kwa hali ya pili. Nao si wetu peke yetu. Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza aliyeugua mara kwa mara, alishangaa katika insha yake ya 1926 kwamba maradhi hayakupewa nafasi katika fasihi pamoja na mapenzi, vita na wivu. Mwanamke wa Pate alikuwa ameyapa nafasi hiyo miaka 68 kabla yake, ila hapakuwa na aliyesimama kuitazama. Tunapoutaja ugonjwa wa mwandishi, ama huutumia kama chanzo, yaani aliandika hivi kwa sababu aliumwa, ama huugeuza jazanda ya jamii iliyooza. Katika njia zote mbili mgonjwa hutoweka. Swali la wazi zaidi, ambalo hatuliulizi, ni hili: siku yake ilikwendaje, na kazi iliingia wapi katika siku hiyo?

Kwa Mwana Kupona hatuna shajara wala barua za kutujibu. Kwa hiyo tutaazima mwanga kwa mwandishi mwingine ambaye siku zake zimehifadhiwa vizuri, ili turudi kwa utendi tukiwa na maswali bora. Huyo ni Flannery O'Connor wa Georgia, Marekani. Mwishoni mwa 1950, akiwa na miaka 25, alishikwa na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na ambao ulikuwa umemuua babake mwaka 1941. Mamake alimficha jina la ugonjwa, naye hakulijua hadi 1952, alipoambiwa na rafiki. Akaishi na mamake katika shamba la ng'ombe wa maziwa lililoitwa Andalusia, karibu na mji wa Milledgeville, na humo akafanya kazi hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 1964, akiwa na miaka 39.

Barua zake, zilizochapishwa mwaka 1979, zatuonyesha siku ya namna gani alikuwa nayo. Chumba chake kilikuwa cha chini kwa sababu ngazi zilimshinda. Asubuhi alikaa kwenye taipureta saa mbili au tatu, kila siku, hata kama hakuna kilichokuja. Mchana ulikuwa wa kupumzika, wa wageni, wa barua na wa kuwalisha tausi wake. Kuanzia 1955 alitembea kwa magongo. Dawa zilizomweka hai zilimdhuru pia. Mapema mwaka wa kifo chake alipasuliwa, na ugonjwa ukaamka upya; alipokatazwa na madaktari kufanya kazi, aliificha hadithi aliyokuwa akiiandika chini ya mto wa hospitali. Katika barua moja ya 1953 alimweleza rafiki kuwa nguvu alizo nazo zatosha kuandikia, na kwamba hana shughuli nyingine inayomhusu. Msomaji asiharakishe kumwona shujaa. Hiyo ni kauli ya mtu anayepima kibaba cha unga kabla ya kuinjika chungu.

Hadithi yake ya 1958, 'The Enduring Chill', yafaa kusomwa na kila mhakiki wa fasihi ya ugonjwa. Kijana anayejiona mwandishi anarudi shambani kwa mamake akiamini kwamba anakufa, na amekwisha kukipamba kifo hicho kama kazi ya sanaa. Daktari wa kijijini, ambaye kijana anamdharau, anagundua kuwa ana homa itokanayo na maziwa mabichi ya ng'ombe. Homa hiyo haitamuua. Itakuwa ikimrudia tu. Adhabu ya kijana huyu ni kunyimwa mauti mazuri na kupewa maisha ya kuugua, pamoja na mamake, katika chumba kilekile. Nikiwasikia wasomi wakiusifu utendi wetu kama sauti itokayo ukingoni mwa kaburi, humkumbuka kijana huyo.

O'Connor alikuwa mwandishi asiye na mwajiri. Aliishi kwa ruzuku za kifasihi, kwa mihadhara aliyokwenda kuitoa hali akiwa juu ya magongo, na kwa mauzo machache. Hadithi yake moja ilipouzwa kwa televisheni, iliyoionyesha mwaka 1957, fedha hizo zilinunua jokofu la nyumbani. Lakini uhuru wake ulikuwa na nguzo. Mamake aliendesha shamba, na kazi nzito za shamba hilo zilifanywa na vibarua, wakiwamo Wamarekani weusi ambao sheria za Georgia za wakati huo ziliwabagua, na ambao barua za O'Connor haziwatendei haki kila mara. Saa tatu za asubuhi hazikuanguka kutoka mbinguni. Nchini mwetu nguzo ya mwandishi asiye na mshahara huwa ni ndugu, na mara nyingi harambee ya kulipia hospitali, ambayo hufika wakati taipureta imekwisha kufunikwa.

Turudi sasa visiwani Lamu na maswali hayo, tukianza na umbo. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya kwanza hufanana vina, na cha nne hubeba bahari, ambayo hapa ni sauti inayorudi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna umbo linalomfaa zaidi mtu asiye na hakika ya saa ijayo. Ubeti hukamilika wenyewe. Waweza kutungwa moyoni, macho yakiwa yamefumbwa, ukashikwa na bahari yake usipotee, mgonjwa akapumzika, akaendelea jioni au baada ya siku tatu. Beti zipatazo mia moja ni safari ndefu kwa mgonjwa, lakini ubeti mmoja ni hatua. Mtunzi mwenyewe anatuonyesha njia anaposema kwamba jambo limo moyoni tayari. Maana yake, mwaka wa kimya ulikuwa na kazi ndani yake.

Aidha, anachoahidi kumpa bintiye kwanza si mawaidha. Anaahidi hirizi ya kufungwa kwa uzi, kisha kidani cha lulu na marijani. Wahakiki wamezieleza taswira hizi kama mapambo ya kike, na ni kweli. Lakini Kiswahili kina neno moja, kutunga, kwa ushanga na kwa mashairi, na mtunzi anajua anachofanya. Kutunga ushanga ni kazi ya mtu aliyeketi, ya chembe moja baada ya nyingine. Yaweza kuachwa na kushikwa tena bila ya kuharibika, mradi uzi umefungwa fundo. Hatusemi kwamba ugonjwa ndio uliozaa taswira hiyo. Twasema kwamba inaafikiana mno na hali ya kazi yenyewe hata ikawa ni uzembe kuipita.

Kisha kuna wino na karatasi. Nani aliyeandika? Amri imetolewa kwa binti, Mwana Hashima, na tukiichukua kama ilivyo, mkono ulioandika ni wa msikilizaji. Hapa uhuru wa mtunzi unaonyesha nguzo yake. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyewapinga masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi, alikuwa amekufa mwaka 1856. Mjane huyu hakumtungia mtawala wala hakungoja tuzo ya mtu. Alichokuwa nacho ni elimu yake na msichana aliyejua kushika kalamu, au aliyetakiwa kujua. Ikiwa ndivyo, binti anayeambiwa atii ndiye pia ambaye mama hawezi kuendelea pasi naye. Wanaoiona sauti ya utendi kuwa ya mamlaka matupu wamesahau kwamba mwenye sauti hiyo anamngoja mwenzake achovye kalamu.

Nguvu ya usomaji huu inapimwa zaidi katika beti zenye ubishi, zile za kumtunza mume. Asiamshwe akilala, akandwe mwili, asikose mtu wa kumpepea, akiamka akute chakula, anyolewe, afukizwe udi asubuhi na jioni, atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua bado kusema. Ni kweli kwamba beti hizi zinamweka mwanamke chini ya mwanamume, wala hatuna haja ya kuzitetea. Hata hivyo, mwili unaolazwa, unaopepewa na kulindwa usingizi ni mwili wa namna gani? Ni mwili wa mgonjwa. Mume katika utendi ana afya yake, ilhali anayezieleza haja hizi kwa undani kama huo amelala mwaka mzima. Orodha hii yatoka kwa mtu anayejua thamani ya upepo wa kipepeo na uchungu wa kuamshwa ovyo. Upo uwezekano kwamba binti, aliyekuwa akisikiliza, alikuwa ameyafanya baadhi ya hayo kwa mama mwenyewe asubuhi ileile. Utendi hausemi, nasi hatuwezi kulithibitisha, lakini ubeti wa mtoto asiyejua kusema husikika kwa sikio jingine tukikumbuka ni nani aliyelalamika mwanzoni kwamba alikosa kusema.

Wala tusiisahau nguzo ya tatu. Utendi unamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa huduma. Wamo nyumbani, basi, na huduma yao imo katika kila siku ya ugonjwa huo, ingawa haikupewa ubeti wa shukrani. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Ikiwa tunaikemea Andalusia, hatuna budi kuikemea nyumba hii pia.

Sehemu ya mwisho ya utendi ni dua ndefu, na wengi huiona kama mkia wa kidesturi. Desturi imo, kwani dua ni jadi ya tendi. Lakini ndimo ugonjwa unamorudi baada ya kutotajwa kwa beti nyingi, na sauti inabadilika: aliyekuwa akiamuru sasa anaomba, kwa ajili ya watoto wake, kwa ndugu, kwa Waislamu wote, na kwa nafsi yake iliyozidiwa na ndwele. Baada ya hapo anawaita wanawake waungwana wausome utendi na kuufahamu. Hapo hadhira imepanuka, kutoka binti mmoja aliyeketi na karatasi hadi kundi ambalo mtunzi hataliona. Anataja jina lake, mahali alipozaliwa, na mwaka. Jina la ugonjwa hakulitaja. Hilo tumeletewa na watu wengine, nao walikuwa wa kizazi kingine.