Kinyago, Hofu na Ngoma za Mchanganyiko

Maonyesho ya ngoma za mchanganyiko si jambo geni katika shule na viwanja vya Mbeya na Iringa. Katika saa moja mtazamaji huweza kuonyeshwa ing'oma ya Wanyakyusa, kiduo cha Wahehe, lizombe ya Wangoni na sindimba ya Wamakonde, pengine na sarakasi juu yake. Kisha hutokea kinyago. Watoto hupiga mayowe, hujificha nyuma ya mama zao, na hapo hapo huchungulia wapate kukiona tena.

Wako wanaonung'unika kwamba kuchanganya ngoma ni kuharibu asili yake. Hoja hiyo hatuikubali yote. Mganda na malipenga, ngoma za kandokando ya Ziwa Nyasa, zilikua katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, watu walipochukua gwaride la askari na muziki wa beni, wakatia vibuyu mahali pa tarumbeta. Nani leo angeziita ngoma za wageni? Wachezaji wale walikuwa na la kusema: waliwatazama askari, wakawaiga, na katika kuwaiga wakawacheka. Mchanganyiko wao ulikuwa na fikra ndani yake.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza wizara ya utamaduni wa taifa, alikitaja kiduo miongoni mwa ngoma ambazo vijana wasomi hawakuzijua, ingawa walijua rumba na twisti. Hata hivyo hakutaka taifa lijifungie ndani likatae kujifunza kwa wengine. Tangu hapo kikundi cha ngoma cha taifa, na kuanzia mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, vimewafundisha vijana kucheza ngoma za makabila yasiyo yao. Hilo ni jema. Lakini jukwaa lina haraka zake. Sindimba, ambayo ilifungamana na mafunzo ya unyago na jando, mara nyingi imebakizwa kiuno tu. Mafunzo yameachwa Mtwara.

Tutazame basi hicho kinyago, maana ndicho kinachopendwa kuliko yote na kufikiriwa kidogo kuliko yote. Kwa Wamakonde, mchezaji wa mapiko hufunikwa mwili mzima kwa nguo, na kichwani huvaa kinyago cha mti mwepesi. Zamani wanawake na watoto hawakupasa kujua kwamba ndani yake mlikuwa na mtu. Kwao kile kilikuwa kiumbe kutoka kwa wafu. Mvulana aliyepelekwa jandoni ndiye aliyejulishwa siri. Kitu kilichomkimbiza tangu utoto kilivuliwa uso, akamwona mtu anayemfahamu. Hofu ile ilikuwa somo lenye mwanzo na mwisho, na mwisho wake ulikuwa utu uzima.

Ulaya nako kulikuwa na jambo la namna hiyo. Ireland na Scotland, usiku wa Oktoba 31, watu walijifunika nyuso kwa sababu iliaminika kuwa mizimu hutembea. Wahamiaji wa karne ya 19 waliipeleka desturi hiyo Marekani, na katika karne ya 20 Halloween ikageuka sherehe ya watoto kuomba peremende nyumba kwa nyumba. Hofu ilibaki vazi, na vazi likauzwa dukani.

Mapiko ya jukwaani yanaweza kufuata njia hiyo hiyo. Hatusemi yafichwe; siri iliyokwisha kuchezwa mchana mbele ya umati haiwezi kurudishwa porini. Kosa tunaloliona ni jingine: kinyago huingia, hutisha, hutoka mbio, na mara ngoma nyingine inaanza. Mtoto hakuonyeshwa mtu aliye ndani. Mwalimu wa Tukuyu au Mafinga anayetayarisha onyesho angeweza kuipunguza sarakasi (ambayo haitamkasirikia) akakipa kinyago nafasi ya kutosha: kiwafukuze wavulana wakubwa, wavulana wakizunguke, na mwisho mchezaji akivue mbele ya watoto wote, wasichana kwa wavulana. Ngoma zisisite wakati huo. Mchezaji atakuwa anatokwa jasho, na yule mtoto aliyepiga mayowe kuliko wote huenda akamtambua kuwa ni kaka yake wa kidato cha tatu.