Mbuzi ya kumaliza mambo

Filme «L'homme qui répare les femmes» ya Thierry Michel (2015) tuliiangalia mara mbili. Ni yeye pia alitoa «Katanga Business» juu ya migodi yetu. Inaonyesha vizuri kazi ya Docteur Mukwege kule Panzi, Bukavu: wamama walioshikwa kwa nguvu wanapata dawa, mtu wa kuwasikiliza, avoka, na namna ya kuanza tena maisha. Wanasema uso wazi. Sisi wanaume tuliinamisha kichwa.

Lakini karibu yote inabebeshwa vita. Mtu wa Musumba anatoka akisema: hayo ni ya Kivu. Kumbe huku mtoto akiharibiwa, jamaa mbili zinakaa, zinahesabu mbuzi na pagne, «mambo iishe». Eti ni desturi! Desturi ya Walunda ya kupatanisha watu tunaiheshimu, tunaifundisha hata kwa masomo. Ila pale, nani alimuuliza mtoto? Sheria ya tarehe 20/7/2006 imekatalia hata parke kufunga kesi kama hizo kwa faini. Na dawa ya kuzuia SIDA inapashwa kuanza mbele ya saa 72. Mazungumzo ya mbuzi inaweza kupita juma mbili.