Garimoshi Lisilo na Moshi

Kuna aina ya maandishi ambayo wahakiki hatuihesabu kuwa maandishi. Ni daftari la mtazamaji wa treni. Uingereza, ambako mapenzi haya yamekomaa, jioni nzima huingia humo kwa mistari sita au saba: namba ya kichwa cha treni, idadi ya mabehewa, stesheni ya kupanda, stesheni ya kushuka, saa, dakika zilizochelewa. Mwenye daftari hupanda treni inayovutwa na kichwa fulani, hushuka stesheni ya mbele, kisha hurudi alikotoka kwa treni ya kichwa kingine. Hana aendako. Alichotaka ni kuvutwa na kichwa kile, na kuandika kwamba kimemvuta.

Mwaka 1942 Ian Allan, karani wa kampuni ya reli ya Southern, alichapa kijitabu cha namba za vichwa vyake, na vijana wakapata orodha ya kuwinda. Baadaye watu hawa waligeuka kichekesho. Irvine Welsh alipoipa riwaya yake ya 1993 jina la Trainspotting, dhihaka ilikuwa wazi: wahusika wake ni vijana wa heroini, na stesheni ya Leith inayotajwa humo ilikwisha kufungwa zamani. Hakuna treni ya kutazama.

Mimi nadhani daftari hili linatufaa, hasa pale treni inapokuwa ya umeme.

Fasihi ya treni imelelewa na mvuke. Chukua filamu ya Night Mail ya 1936, inayofuata treni ya barua kutoka London hadi Uskoti. Mwishoni, shairi la W. H. Auden na muziki wa Benjamin Britten vinapanda mlima pamoja na treni, na mapigo ya shairi yanafuata mapigo ya magurudumu. Ni kazi nzuri sana. Lakini treni yenyewe ilimsaidia mshairi: ilihema, ilitoa moshi, na ilionyesha uchovu mlimani. Mwandishi alikabidhiwa mnyama aliye hai.

Kufikia 1974 njia hiyohiyo, kutoka London mpaka Glasgow, ilikuwa imetandazwa waya za umeme. Vichwa 36 vya aina ya Class 87, vilivyotengenezwa kati ya 1973 na 1975, vikawa vinapanda milima ileile bila kuhema. Mkono wa chuma juu ya paa unagusa waya wa kilovolti 25, transfoma inapunguza nguvu hiyo, mota zinazungusha magurudumu. Jasho halionekani kwa sababu kazi ya kuzalisha nguvu imefanyika mbali, kwenye mitambo ambayo abiria hataiona. Hapa sitiari za mvuke zinakwama, lakini daftari halikwami. Mwenye daftari amejizoeza kusikiliza mlio wa feni za kupozea kabla treni haijaondoka, na kuona tofauti kati ya vichwa viwili ambavyo kwa wengine ni kimoja. Hangoji treni imwoneshe hisia ndipo aitazame.

Sisi tuna tatizo lililojificha ndani ya neno lenyewe. Tulisema garimoshi, na moshi ukabaki humo. SGR ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, inatumia dizeli, kwa hiyo neno bado linaivumilia. Ya Tanzania haimo. Safari za abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro zilianza Juni 2024, zikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, kwa umeme wa gridi ya taifa. Hata hivyo, maandishi mengi ninayosoma kuihusu ni ya namna mbili. Ya kwanza ni hotuba: kilomita 160 kwa saa, historia imeandikwa, pongezi kwa wahusika. Ya pili ni kumbukumbu ya Reli ya Kati: babu, kikapu cha maembe dirishani, usiku wa kulala njiani. Katika zote mbili treni iliyo mbele ya macho yetu haionekani. Moja inaitumia kusifu, nyingine inaitumia kuaga.

Simaanishi kwamba tuanze kuchapisha orodha za namba. Daftari lina upofu wake, na upofu huo ni mkubwa. Linajua kichwa kimechelewa dakika nne. Halijui ni nani kwenye behewa la tatu aliyekosa mazishi kwa dakika hizo. Linahesabu kilomita alizovutwa mwandishi, halimhesabu anayefagia behewa wala anayeitazama treni ikipita kwa kuwa hana nauli. Na likiishia kwenye kichwa, linasahau waya. Mwandishi wa treni ya umeme anapaswa kuufuata waya mpaka unakoanzia, hadi kwenye gridi inayolishwa sasa na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Moto wa garimoshi ulikuwa ndani ya kichwa chake. Wa treni hii uko mtoni, na mto una watu wake.

Habari njema ni kwamba lugha imeanza kutazama kabla ya waandishi. Zilipokuja treni ambazo hazivutwi na kichwa, mota zake zikiwa zimegawanywa chini ya mabehewa, ziliitwa mchongoko kwa sababu ya pua yake. Jina hilo halisifu wala haliombolezi. Linasema umbo lilivyo, na linatenganisha treni hii na ile inayovutwa. Anayetaka kuandika insha ya SGR anaweza kuanzia hapo: apande zote mbili jioni moja, aandike namba, saa na mlio, kisha aangalie ni nani amekaa karibu naye.